Asilimia 30 ya Zabuni za Serikali ya Kenya: Namna ya Kupata Kazi na Kulipwa

Kila mwaka wa fedha, kuanzia Julai mosi hadi Juni 30, ofisi za umma nchini Kenya hutakiwa kutenga angalau asilimia 30 ya fedha zao za ununuzi kwa biashara za wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Wizara, kaunti, hospitali, vyuo vikuu, kampuni za maji, wote wamo. Mpango wenyewe unajulikana kwa jina la AGPO, kifupi cha Access to Government Procurement Opportunities, na watu wengi wakilisikia hukimbilia cheti. Cheti ni muhimu, lakini ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika safari hii. Biashara ndogo nyingi huangushwa na mambo mawili baada ya cheti kutoka: karatasi zilizojazwa vibaya, na kazi kubwa kuliko mfuko wa kungojea malipo. Kwa hiyo hatua za usajili nitazipita haraka, nikae zaidi kwenye kuchagua zabuni, kupanga bei, na kudai pesa.

Kwanza, jua haki yako inatoka wapi

Usiruke sehemu hii, kwa sababu siku moja utaihitaji mbele ya afisa wa ununuzi. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na usiopoteza fedha. Hapo hapo kinaruhusu upendeleo kwa watu waliowahi kunyimwa nafasi kwa ubaguzi au ushindani usio wa haki. Mwaka 2013 kanuni zilibadilishwa, sehemu iliyotengwa ikapanda kutoka asilimia 10 hadi 30, na Rais Uhuru Kenyatta akauzindua mpango Oktoba mwaka huo. Kisha ikaja Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016. Kifungu cha 53 cha sheria hiyo ndicho kinachosema kwamba mpango wa ununuzi lazima utenge hizo asilimia 30.

Angalia neno mpango. Asilimia 30 inahesabiwa kwa fedha za bajeti, wala si kwa idadi ya zabuni. Ofisi inaweza kuwapa kina mama zabuni hamsini za maji ya kunywa, kalamu na chai ya mikutano, ikajipigia makofi, na bado isifike hata asilimia 8. Kwa maoni yangu huko ndiko ujanja mwingi ulikojificha: zabuni zilizotengwa ni nyingi kwenye orodha, lakini fedha nene, yaani ujenzi, mitambo na dawa, hubaki kwa walewale.

Pili, pima kama biashara yako inafaa

Sheria inataka angalau asilimia 70 ya umiliki iwe mikononi mwa kundi husika, na uongozi wote, asilimia 100, uwe wa kundi hilo. Kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Mtu mwenye ulemavu awe amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Hesabu hii huwakwaza wanandoa mara nyingi. Kampuni ya mke na mume, hisa nusu kwa nusu na wote wakurugenzi, haiingii kama biashara ya mwanamke. Kama wote wawili wako chini ya miaka 35, itaingia kama ya vijana. La sivyo, itabidi mume abaki na hisa zisizozidi asilimia 30 na aondoke kwenye ukurugenzi. Mabadiliko hayo yawe ya kweli, maana kumweka mke kwenye karatasi huku mume akiendesha kila kitu ni udanganyifu, na adhabu yake nitaitaja mbele. Vijana nao wakumbuke kwamba umri hausimami: mkurugenzi akitimiza 35 kampuni inapoteza sifa ya vijana. Wakurugenzi wakiwa wote wanawake, hamieni kundi la wanawake mapema.

Ukishajua kundi lako, kusanya karatasi hizi: kitambulisho cha kila mwenye biashara, cheti cha usajili wa jina la biashara au kampuni kutoka eCitizen, yaani tovuti ya huduma za serikali, PIN ya Mamlaka ya Mapato, KRA, cheti cha KRA kinachoonyesha huna deni la kodi, na kwa kampuni, CR12 ya karibuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Anayetaka kazi za ujenzi aongeze usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ambao una madaraja kuanzia la 1 kwa wakubwa hadi la 8 kwa wadogo. Fungua pia akaunti ya benki ya biashara ambayo mtu wa kundi husika ndiye lazima aweke sahihi kabla ya pesa kutoka.

Cheti cha KRA hudumu miezi 12. Weka alama kwenye kalenda mwezi mmoja kabla hakijaisha, kwa sababu KRA ikiona taarifa moja tu ya kodi hukuijaza, hata ile ya mwaka ambao hukuuza kitu, haitatoa kipya. Kuna watu hukosa zabuni nono kwa sababu ya taarifa tupu ambayo ingejazwa kwa dakika kumi pale saiba.

Tatu, chukua cheti cha AGPO

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya AGPO ya Hazina ya Kitaifa, na vituo vya serikali vya Huduma Centre vinaweza kukusaidia. Cheti ni bure. Narudia: bure. Anayekuomba elfu tano ili akiharakishe anakula jasho lako tu. Ukijaza, chagua aina ya kazi unazoziweza kweli, iwe bidhaa, huduma au ujenzi, na uhakikishe jina la biashara kwenye ombi linafanana herufi kwa herufi na lile la cheti cha usajili. Kina tarehe ya kuisha, hivyo kiingize kwenye kalenda ileile.

Cheti hakikufungii nje ya zabuni za kawaida. Unaweza kushindania zabuni yoyote ya wazi kama mfanyabiashara mwingine. Kinachoongezeka ni kwamba kwenye zilizotengwa unashindana na wenzako wa kundi tu, na huulizwi dhamana ya zabuni ya benki. Badala yake unajaza na kutia sahihi fomu ya tamko kwamba hutajitoa ukishinda. Usiione kuwa karatasi tupu: ukishinda kisha ukakataa kazi, unaweza kufungiwa nje ya zabuni.

Nne, tafuta mpango kabla ya tangazo

Wengi hungoja tangazo litoke gazetini. Wakati huo wenye habari wameshajua zamani. Ofisi ya umma huandaa mpango wa ununuzi wa mwaka mzima, na ndani ya siku 60 tangu mwaka wa fedha uanze hutakiwa kuipelekea Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma, PPRA, ile sehemu ya mpango inayoonyesha kazi zilizotengewa makundi. Maana yake, kufikia Agosti mwisho kuna karatasi mahali fulani inayosema hospitali ya kaunti yako itanunua sabuni, shuka na mboga kiasi gani, robo gani ya mwaka, na zipi ni za AGPO.

Karatasi hiyo si siri. Anza kuitafuta kwenye tovuti ya ofisi yenyewe. Usipoipata, andika barua ukiomba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Barua iwe fupi, itaje mwaka wa fedha na sehemu unayoitaka, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maafisa wengine watakukunjia uso kidogo. Wavumilie, muhuri unao.

Matangazo yenyewe yako kwenye tovuti ya serikali ya tenders.go.ke, kwenye tovuti za ofisi, na gazetini. Ofisi pia huita watu kujiandikisha kwenye orodha ya wauzaji wake, na orodha hiyo usiidharau hata kidogo, kwa sababu kazi ndogo ndogo haziendi gazetini. Ofisi huchukua majina orodhani na kuwaomba waandike bei, angalau watatu. Kikomo cha njia hiyo ni shilingi milioni 3 kwa bidhaa na huduma, milioni 5 kwa ujenzi. Biashara changa hula hapo. Jiandikishe kwenye ofisi tano au sita zilizo karibu nawe, kisha pita mara moja moja kuuliza kama jina lako bado limo.

Mwaka 2025 Hazina ya Kitaifa iliagiza ununuzi wote uhamie kwenye mfumo wa kielektroniki wa e-GP kuanzia Julai, na agizo hilo likapingwa mahakamani. Ushauri wangu ni kujisajili humo hata hivyo, maana kujisajili hakukugharimu ila muda, kisha kwa kila zabuni ufuate tangazo lake linavyotaka, kwa mfumo au kwa bahasha.

Tano, chagua unayoweza kuisubiri

Hapa ndipo pazito. Serikali hulipa, lakini hulipa kwa saa yake. Madeni ya wauzaji kwa kaunti na wizara yamekuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2023 serikali iliunda kamati maalumu ya kuhakiki yale ya serikali kuu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "faida ni ngapi?", uliza "nikilipwa baada ya mwaka mmoja, nitakuwa bado nimesimama?"

Tuchukue mfano. Hospitali ya kaunti inataka mitungi 150 ya sabuni ya maji, lita 20 kila mmoja. Tuseme kiwandani unaipata kwa 1,400 mtungi, hivyo mzigo wote ni 210,000. Lori la kupeleka ni 12,000. Wewe unaandika bei ya 1,900 mtungi, jumla 285,000. Kwa macho ya haraka unaona faida ya 63,000 na unaanza kuitumia kichwani.

Sasa toa kodi ya zuio. Tangu mwisho wa Desemba 2024, ofisi ya umma inayonunua bidhaa kwa mkazi wa Kenya hukata asilimia 0.5. Hiyo ni 1,425. Kisha riba. Tuseme ulikopa ile 210,000 yote kwa asilimia 1.5 kwa mwezi bila kupunguza deni. Kila mwezi unaongojea unakula 3,150. Ukilipwa baada ya miezi sita, riba ni 18,900 na unabaki na 42,675. Baada ya mwaka, 23,775. Baada ya miezi 18, 4,875, hela ya kununulia watoto viatu. Mwezi wa ishirini umeshaingia hasara, na hapo hatujahesabu nauli za kwenda kuuliza malipo wala kodi ya mapato.

Fanya hesabu hii kwa kila zabuni, na uifanye kwa miezi 12, si kwa siku 30 zilizoandikwa kwenye mkataba. Kama kwenye miezi 12 hubaki na kitu, achana nayo. Zabuni ya 285,000 unayoweza kuisubiri ni bora kuliko ya milioni tatu itakayokufanya uuze shamba.

Chunguza pia mlipaji mwenyewe. Uliza wauzaji wawili watatu walioshawahi kupeleka mali pale: walilipwa lini? Ofisi zinazokusanya pesa zao wenyewe, kama baadhi ya kampuni za maji na vyuo vya kiufundi, mara nyingi hulipa upesi kuliko zile zinazongoja mgao kutoka Hazina. Angalia na majira. LPO, yaani hati ya ofisi ya kukuagiza mali, ikitoka Oktoba ina nafasi ya kulipwa ndani ya mwaka uleule wa fedha. LPO ya katikati ya Juni ni kamari: mwaka ukifungwa kabla hujalipwa, unaingia kwenye foleni ya madeni.

Sita, panga bei kwa kalamu, si kwa hisia

Katika bidhaa za kawaida, anayetimiza masharti na kutoa bei ya chini ndiye hushinda. Lakini bei ya kujiua si ushindi. Pata bei za viwandani kwa maandishi kutoka wauzaji watatu, uliza bei hiyo itadumu mpaka lini, na uongeze kiasi cha kuhimili mafuta ya lori yakipanda. Sheria inaitaka PPRA itoe mwongozo wa bei za sokoni, na ofisi haitakiwi kununua kwa bei ya kuruka mipaka. Ukiandika 3,500 kwa mtungi unaouzwa 1,900, utatolewa hata kama uko peke yako.

Kama mauzo yako hayajafika shilingi milioni 5 kwa mwaka, huna lazima ya kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, basi usiiongeze kwenye bei yako. Lakini hakikisha unaweza kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, maana ofisi nyingi hazishughulikii malipo bila hiyo.

Saba, jaza waraka kana kwamba msomaji anatafuta sababu ya kukutoa

Na kweli anaitafuta. Hatua ya kwanza ya tathmini haiangalii bei wala ubora, huangalia kama umeleta kila kitu. Kikikosekana kimoja kati ya vya lazima, zabuni inawekwa kando na hakuna wa kukupigia simu uongeze.

Chapisha ukurasa wa masharti ya lazima na uubandike ukutani. Mengi hurudiwa kila mahali: cheti cha usajili, CR12, cheti cha KRA ambacho hakijaisha, cheti cha AGPO cha kundi linalotajwa, leseni ya biashara ya kaunti, fomu ya zabuni iliyotiwa sahihi na kugongwa muhuri, dodoso la siri la biashara, tamko kwamba hukula njama na wazabuni wengine, na matamko ya kwamba hujafungiwa wala hutoi hongo. Kama zabuni ni ya vijana na wewe una cheti cha wanawake, hata uwe na miaka 22, utatoka.

Halafu namba za kurasa. Sheria inataka mzabuni aandike namba kwenye kila ukurasa wa anachowasilisha, kwa mfululizo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ni pamoja na picha za vitambulisho, viambatisho, hata karatasi ya kutenganisha sehemu. Fanya hivi: panga kila kitu, funga kitabu, ndipo uandike namba kwa mkono kwa kalamu ya wino, kona ya juu kulia: 1, 2, 3. Ukiandika kabla ya kufunga, kuna karatasi itachomekwa katikati dakika ya mwisho na utajikuta na 47A. Usiweke 47A. Anza upya. Inachosha, lakini zabuni nyingi hufia papo hapo, na nyingine kwa sababu nakala ya pili ina kurasa pungufu kuliko ya kwanza.

Jedwali la bei lishughulikiwe na watu wawili, mmoja akisoma, mwingine akipiga kikokotoo. Kifungu cha 82 cha sheria kinasema jumla iliyowasilishwa na kusomwa siku ya kufungua ndiyo ya mwisho, hairekebishwi. Ukiandika 258,000 kwenye fomu huku jedwali likisema 285,000, hakuna wa kukuhurumia. Hakikisha nambari na maneno vinasema kitu kimoja, na kila palipokatwa pana sahihi ndogo.

Ukipeleka kwa bahasha, iandike namba ya zabuni na tarehe ya kufunguliwa nje, itie kwenye sanduku mapema, na ukae. Zabuni hufunguliwa hadharani mara tu muda unapokwisha, na una haki ya kuwepo. Andika jina la kila mshindani, bei yake, na idadi ya kurasa kama itasomwa. Daftari hilo litakufundisha bei za soko kuliko semina yoyote.

Watu wa kukaa nao mbali

Atakuja mtu mwenye pesa, labda mfanyabiashara anayejulikana mjini, aseme: "Dada, wewe toa cheti tu, kazi nafanya mimi, nakupa elfu hamsini." Kukodisha cheti ni kosa. Kampuni yako inaweza kufungiwa kwa miaka isiyopungua mitatu, na adhabu ya jumla chini ya sheria ni faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa mtu binafsi, au vyote viwili. Juu ya hayo, deni la kodi la kazi hiyo litabaki kwa jina lako, na yeye hutamwona tena.

Mwingine ni wa simu: anadai ni afisa wa wizara fulani, ana LPO yako tayari, tuma "ada ya kuifungua" au nunua bidhaa ya ajabu ajabu kwa muuzaji mmoja tu anayemjua yeye. Hakuna zabuni ya umma inayoanza hivyo. LPO yoyote ithibitishe kwa miguu yako, ofisini, kwa mkuu wa ununuzi.

Na yule ofisini anayetaka "asilimia kumi" ili faili lako lisogee? Ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Najua jibu la wengi: "Nikiripoti sitapata kazi tena pale." Hofu hiyo ina msingi, sitakudanganya. Lakini rudi kwenye hesabu ya sabuni: asilimia kumi ya 285,000 ni 28,500. Ukilipwa baada ya mwaka, hongo hiyo inameza faida yote na kukuachia hasara.

Nane, barua ikitoka

Ukishinda au ukishindwa, ofisi lazima ikuarifu kwa maandishi, na aliyeshindwa aambiwe sababu. Mkataba hautiwi sahihi kabla ya siku 14 kupita tangu taarifa itoke. Siku hizo ndizo za mwenye malalamiko kwenda kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, ambayo nayo huamua ndani ya siku 21. Kwenda bodi kuna ada na pengine wakili, kwa hiyo kwa zabuni ya laki mbili mara nyingi haifai. Kinachofaa kila mara ni kudai barua yenye sababu mahsusi. "Hukutimiza masharti" si sababu. Sharti lipi, ukurasa upi?

Ukishinda, usikimbilie kununua mzigo kwa barua ya ushindi. Subiri mkataba na LPO yenye namba, sahihi na kiasi sahihi. Ofisi ikikuambia kwa mdomo "leta tu, LPO inakuja", jibu kwa adabu kwamba mwenye kiwanda hakuuzii bila LPO. Mali iliyopelekwa bila karatasi haina mwenyewe siku ya malipo.

Kwa mtaji, LPO yenyewe inaweza kukusaidia. Hazina ya wanawake ya Women Enterprise Fund na ile ya vijana ya Youth Enterprise Development Fund zina mikopo ya kugharamia LPO, na baadhi ya benki na SACCO pia. Mkopeshaji atataka uthibitisho kwamba LPO ni ya kweli na kwamba malipo yatapitia akaunti iliyoko kwake. Kanuni za upendeleo zinaitaka ofisi inayonunua ikuthibitishie hati hizo kwa mkopeshaji, kwa hiyo unapoiomba ofisi barua hiyo, huombi msaada.

Tisa, peleka mali na utoke na karatasi

Mzigo ukifika stoo, mwenye stoo si wa mwisho. Kuna kamati ya ukaguzi na upokeaji, na hiyo ndiyo inayosema mali imekubaliwa. Panga siku ya kupeleka pamoja nayo. Kama mtungi wa sampuli ulikuwa wa sabuni nzito ya kijani, usilete nyepesi ya samawati ukidhani hakuna atakayeona. Mpishi na mfagiaji ndio wataona kwanza.

Usiondoke bila hati ya kupeleka mali iliyotiwa sahihi, jina, tarehe na muhuri. Fuatilia fomu ya S13 ya stoo, inayoonyesha mali imepokelewa, na cheti cha kamati. Ndipo uwasilishe ankara ikiwa na namba ya LPO, nayo igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Piga picha kila kitu palepale getini. Faili hupotea, na likipotea la kwao, lako ndilo litakaloanzisha upya malipo.

Kumi, dai pesa kwa utaratibu

Ankara hupita ununuzi, uhasibu, kisha mfumo wa malipo wa serikali wa IFMIS, na kwa kaunti fedha hungoja idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Kila unapouliza, uliza swali moja tu: faili liko meza gani leo? Andika jibu na tarehe.

Mwezi ukipita baada ya siku ya malipo ya mkataba, andika barua kwa afisa mhasibu, ambaye ni katibu wa wizara, mkurugenzi mkuu wa shirika au afisa mkuu wa idara ya kaunti. Usimwandikie karani. Taja namba ya LPO, tarehe ya kupokelewa mali na kiasi, ambatisha nakala, na ukumbushe kwamba chini ya kifungu cha 140 malipo yaliyochelewa yana riba, isipokuwa mkataba useme vingine. Ofisi huripoti kwa PPRA kila miezi sita jinsi ilivyotekeleza asilimia 30, kwa hiyo nakala ya barua hiyo kwenda PPRA haipotei bure. Mwezi Mei, kabla mwaka haujafungwa, hakikisha kwa maandishi kwamba ankara yako imo kwenye orodha ya malipo. Ikikosa kulipwa mpaka Juni 30, dai mwanzoni mwa Julai barua inayolitambua deni lako kwenye orodha ya madeni ya ofisi, ikiwa na kiasi kamili na namba ya LPO. Barua hiyo mpelekee mkopeshaji wako siku hiyo hiyo, mkae mpange upya tarehe za kulipa.